Sare Ilitukaa, Kisha Tukakaa

Leo tunasema na bibi harusi aliyepunguza mwili kabla ya ndoa, na pia na yule ambaye ndoa yake ina miaka kumi lakini lile gauni bado analo kabatini.

Sisi tuko wanne hapa Mikindani. Mdogo wetu alipochumbiwa tulinuia mambo mawili: viuno vipungue tuingie kwenye sare ya harusi, na siku moja tutembee kwa miguu hadi Mtwara mjini, kama kilomita 10. Tukawa tunatoka baada ya Alfajiri, baibui na raba, tukifuata barabara ya lami kandokando ya ghuba kabla jua halijawa kali. Wiki ya kwanza tuliishia kwenye mikoko, tukarudi tunahema. Miezi minne baadaye tulifika mjini, tukanywa chai kwa vitumbua na kurudi kwa daladala huku tunacheka. Sare nayo ikatukaa vizuri. Harusi ikapita.

Nasi tukakaa.

Hakuna aliyesema tuache. Leo mvua, kesho mgeni, mwishowe tukawa tunakutana kwenye shughuli tu, mbele ya sinia la pilau. Cherehani yetu ilijua mapema, maana sare zile zile zilirudi mezani kuachiwa mishono. Tukasingizia kitambaa kimerudi!

Lakini si kiuno kilichotushtua. Ramadhani, kwenye tarawehe, mmoja wetu ambaye hata miaka arobaini hajafika aliinuka kutoka sijda kwa kushika ukuta. Usiku wa tatu akaomba kiti. Mwenye udhuru kusali kwenye kiti si aibu, dini yetu ni nyepesi. Ila udhuru huu tulijua tumeulea wenyewe, na njiani kurudi nyumbani hakuna aliyezungumza.

Tulikuwa tumeweka lengo lenye tarehe ya harusi ya mtu mwingine. Tarehe ilipopita, hatukuwa na sababu ya kuvaa raba.

Safari hii tukachagua jambo ambalo mwili unalihitaji kila siku: kuinuka kutoka sijda bila kushika kitu. Tunafanyia dukani kabla ya kufungua, mlango umerudishwa, kwa viti vya wateja. Kukaa na kuinuka mara kumi, pumzika, tena kumi. Tulipozoea kiti tukahamia kigoda, kisha mkeka. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima atembee au afanye mazoezi ya kawaida angalau dakika 150 kwa wiki, na siku mbili afanye ya kutia misuli nguvu. Sisi tulikuwa tunatembea tu, magoti tumeyasahau. Mwenye maumivu makali aende kwanza kwa daktari, asitusikilize sisi.

Tunamkumbuka mama yetu Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake. Alishindana mbio na Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, akamshinda. Baadaye alipoongezeka mwili wakashindana tena, naye akashindwa. Tunalolipenda ni kwamba hata mwili ulipoongezeka, alikuwa bado anakimbia. Na wa zama zetu yupo Sifan Hassan, mzaliwa wa Ethiopia anayekimbilia Uholanzi. Tokyo, 2021, alichukua dhahabu za mita 5,000 na 10,000. Angeweza kutosheka. Akaingia marathoni, na Paris, 2024, akaipata dhahabu yake, akapanda jukwaani kuvishwa medali akiwa na hijabu.

Mwenzetu sasa anainuka mkekani bila mkono, alhamdulillah. Siku alipoweza, kabla hatujamaliza kumkumbatia, tulitaja lengo linalofuata, tusije tukakaa tena: kupanda kilima nyuma ya Boma, lile jengo la Wajerumani la 1895, bila kusimama. Tumeshapanda mara tano. Bado tunasimama mara mbili, na wapita njia tunawaambia tunaangalia bahari.