Wangu wa gita, pale Mbamba Bay

Jamani, juzi nimeangalia tena The Soloist, ile muvi ya 2009 ya Jamie Foxx. Nimelia! Kisa ni cha kweli: mwaka 2005 Steve Lopez, mwandishi wa Los Angeles Times, alimkuta Nathaniel Ayers mtaani akipiga fidla yenye nyuzi mbili tu. Kumbe alishasoma Juilliard. Wakawa marafiki.

Mimi wangu nilimkuta Mbamba Bay, nikisubiri gari la Chiwanda nikafundishe. Analala barazani kwa watu, gita la kopo, nyuzi za waya wa breki ya baiskeli. Nikampa buku mbili, akakataa.

"Mwalimu, kaa kwanza usikilize."

Nikakaa. Gari likaniacha.

Sasa nikipita namwachia waya, yeye ananiuliza mama anaendeleaje. Kazini hajauliza mtu.