Banda la Kuku na Dirisha la Jirani



Watu wa pwani hawana haja ya kufundishwa kufuga kuku. Tumekulia nao uani. Yai la kuku wa kienyeji limempa nguvu mzazi aliyejifungua, limempokea mgeni wa ghafla, na katika nyumba nyingi limesaidia kulipa ada ya mtoto. Ila zamani ua ulikuwa mpana na nyumba zilikuwa mbalimbali. Leo wengi wetu twaishi katika viwanja vya futi 50 kwa 100, au nusu yake, ukuta kwa ukuta na dirisha kwa dirisha. Kuku aliyekuwa akizurura minazini sasa hana budi kujengewa banda na kuzungushiwa wavu. Hapo ndipo yanapozuka maswali mawili: banda likae wapi, na kuku wakanyage nini? Yaonekana kuwa maswali ya fundi, lakini nimewahi kuyaona yakifika msikitini.

Miaka kadhaa iliyopita waliletwa mbele yangu wazee wawili wa mtaa mmoja, majirani wa zaidi ya miaka 20. Mmoja alikuwa ameegemeza banda lake kwenye kitalu kinachotenganisha nyua zao. Wakati wa kiangazi hapakuwa na neno. Ilipoingia masika, maji ya samadi yakapenya chini ya kitalu na kuingia katika ua wa mwenziwe, mahali ambapo mkewe alikuwa akifua na kuanika kanzu za kuswalia. Mwenye kuku akasema kiwanja ni chake na hati anayo. Mwenziwe akajibu kwamba yeye hakuhitaji hati, alikuwa na pua. Walipofika kwangu walikuwa wakiswali safu moja, kisha kila mtu akitoka kwa mlango wake bila kupeana mkono. Banda lilihamishwa kwa siku moja, hatua 12 tu. Salamu zilichukua karibu mwaka mzima kurudi.

Sote twajua jinsi Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyousiwa na Jibrili juu ya jirani, hata akadhani kwamba jirani atafanywa mrithi. Mafakihi nao wameweka kanuni ambayo wanafunzi wa madrasa huihifadhi mapema: mwenye kupata faida ya kitu ndiye anayestahiki kubeba uzito wake. Kanuni hii aghlabu husomeshwa katika milango ya biashara, nami naiona kuwa ndiyo kipimo bora cha kuchagulia mahali pa banda. Mayai ni yetu, basi harufu, kelele na uchafu navyo vitufikie sisi kwanza.

Mama watoto alipotaka kufuga kuku 12 na jogoo mmoja, tulizunguka kiwanja kabla ya kwenda dukani kununua mabati na wavu. Kiwanja chetu kimelala kusini na kaskazini. Upande wa kusini kuna lango na njia, na penye lango pamesimama mwarobaini mkubwa. Kaskazini kuna kitalu, na nyuma ya kitalu ni nyumba ya bibi mmoja mjane, mtu mzima mwenye maradhi ya pumu, ambaye dirisha lake la kulala latazama kwetu. Mashariki ndiko kwenye jiko na kisima.

Kijana wangu alipendekeza kaskazini, penye kitalu. Hoja yake haikuwa dhaifu: ni mbali na vyumba vyetu, ukuta mmoja upo tayari, na upepo wakati ule ulitoka upande huo ukija kwetu, basi jirani yu salama. Ila ulikuwa msimu wa kaskazi. Mtu asiyeukumbuka upepo wa kusi wakati wa kaskazi hawezi kujenga pwani. Kuanzia mwezi wa nne hivi hadi wa tisa upepo hugeuka ukatoka kusini, na kusi huja pamoja na mvua za masika, wakati ambapo samadi imelowa na harufu yake ni kali zaidi. Miezi yote hiyo ingekuwa inaingia moja kwa moja katika dirisha la mwenye pumu.

Binti yangu akapendekeza karibu na kisima, kwani maji na mabaki ya jikoni yako hapo. Hilo nalo likakwama. Ardhi yetu ni ya matumbawe, na jiwe la matumbawe lina matundu mengi; kinachomwagwa juu huteremka upesi kwenye maji ya chini. Tena, katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu twayafuata, kinyesi cha kuku ni najisi ijapokuwa nyama yake ni halali, na maji yaliyo pungufu ya kula mbili hunajisika kwa kuingiwa na najisi hata kama hayakubadilika. Kuku akiruka juu ya ndoo ya udhu mara moja, tayari ni kazi.

Ikabaki pembe ya kusini, chini ya mwarobaini. Pana kivuli cha adhuhuri, ardhi imeinuka kidogo, na hapana mnazi wa kudondosha dafu au kuti juu ya bati. Kusi ikivuma, harufu hupita kwanza katika ua wetu na nyumba yetu. Kaskazi ikivuma, huenda njiani, na wakati huo ni kiangazi. Kasoro yake ilikuwa moja, nayo ilinihusu mimi: hapo ndipo kiti changu kilipokuwa. Kwa miaka mingi nimesoma, nimeandika na kupokea wageni chini ya mti ule baada ya Alasiri. Sitasema kwamba nilikitoa kiti kwa furaha. Nilikaa nacho siku tatu, kisha nikakihamishia barazani.

Kabla ya kuchimba shimo la kwanza tulikwenda mimi na mama watoto kwa yule bibi kumwomba idhini. Akatusikiliza mpaka mwisho, akasema, “Mwanangu, mimi sina ugomvi na kuku. Kifua hiki ndicho chenye ugomvi.” Tukamwonyesha kutoka dirishani mahali tulipopachagua. Akacheka, akauliza, “Na wewe shekhe utakaa wapi?”

Sasa tuje kwenye sakafu, maana mahali pazuri huharibiwa na sakafu mbaya. Tulitenganisha sehemu mbili: chumba cha kulala kuku na uwanja wao wa mchana.

Chumba ni cha futi 6 kwa 5, na upande mrefu umelazwa mashariki na magharibi ili jua la asubuhi na la jioni lisiingie kwa wingi. Kuku hudondosha sehemu kubwa ya kinyesi usiku, wakiwa juu ya vijiti vyao. Kwa hivyo humo ndani tulimwaga saruji yenye mteremko kuelekea mlangoni. Saruji haipitishi uchafu ardhini, huoshwa, na panya hawaichimbi. Lakini saruji tupu ni ngumu na baridi kwa miguu ya kuku, basi juu yake tulitandaza maranda ya seremala kiasi cha inchi 4. Yafaa maranda makavu, wala si unga laini wa msumeno unaorusha vumbi na kuliwa na vifaranga, wala si ya mbao zilizopakwa dawa. Maranda hugeuzwa kila baada ya siku chache, na yaliyolowa huondolewa siku ileile.

Uwanja ni wa futi 14 kwa 10, yaani zaidi ya futi 10 za mraba kwa kila kuku. Huu hatukuutia saruji, kwani kuku ameumbwa kuchakura, na kumnyima udongo ni kumnyima umbile lake. Tuliinua ardhi kwa kokoto za matumbawe, tukazungusha mawe pembeni, kisha tukamwaga juu yake mchanga wa shimo. Mchanga wa ufuoni tuliuepuka kwa sababu ya chumvi, ambayo humdhuru kuku. Mchanga hukauka upesi baada ya mvua na kinyesi huokotwa kwa reki. Udongo mtupu unaokanyagwa kila siku hugeuka tope wakati wa masika, na tope lenye samadi ndilo makao ya maradhi ya kuhara damu yanayomaliza vifaranga. Pembe moja iliyoezekwa tuliiacha na majivu na mchanga mkavu, kwani kuku huoga vumbi kujiondolea viroboto na utitiri.

Wavu ulizikwa futi moja ardhini dhidi ya nguchiro, na juu ukafunikwa dhidi ya mwewe na kunguru. Kwa kuwa banda liko karibu na lango, mlango una kufuli. Nguchiro hujulikana kwa nyayo zake, mwizi wa miguu miwili hukosa hata hizo.

Wako watakaosema kwamba haya yote ni mengi kwa kuku 13. Lakini tukimfungia kiumbe tumejitwika yale aliyokuwa akijitafutia mwenyewe: maji, kivuli, hewa na mahali pakavu. Hadithi ya mwanamke na paka aliyemfungia tumeisikia sote tangu chuoni. Tena wanavyuoni wamezungumza kwa urefu juu ya mnyama anayekula najisi, na jinsi anavyopaswa kufungiwa na kulishwa chakula safi kabla ya kuchinjwa. Uwanja msafi ni haki ya kuku, na pia ni usafi wa kile tutakachokila.

Kwa anayetaka kupima banda lake, ipo njia isiyohitaji chombo. Ingia alfajiri kabla ya kufungua mlango, chuchumaa mpaka pua yako iwe sawa na kichwa cha kuku, uvute pumzi. Macho yakiwasha, hewa hiyo imewaumiza wao usiku kucha na maranda yataka kubadilishwa. Kisha toka, uende ukasimame penye dirisha la jirani, uvute pumzi tena. Fanya hivyo wakati wa kaskazi, ukarudie wakati wa kusi.

Masika yamepita mara moja tangu tulipojenga. Ziko asubuhi ambazo harufu imenifikia barazani kitabu kikiwa mkononi, nami nikaita mtu alete reki. Hiyo ndiyo faida ya sisi kuwa wa kwanza kuinusa: tunasafisha kabla haijavuka kitalu. Samadi twaichanganya na majani, ikikaa ikaoza hutiwa kwenye mchicha na migomba. Mayai ya kila Ijumaa, manne au matano, hupelekwa kwa yule bibi. Asema jogoo wetu humwamsha mapema kuliko adhana, nasi tulipomwomba radhi akakataa kuipokea, akasema kwamba usingizi wa uzeeni ni mwepesi hata bila jogoo.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wale ambao majirani zao husalimika nao, na atubarikie vilivyomo katika nyua zetu. Wallahu aalam.