Masinia Mengi, Mchele Mmoja



Kabla mama yetu hajapasuliwa uvimbe wa ubongo, sisi wanawe tulimwuliza daktari: picha zimekwisha kupigwa, kompyuta ina kazi gani tena chumbani mwa upasuaji?

Alitufahamisha kwamba fuvu likifunguliwa, ubongo husogea na kubonyea, hata picha ya jana isilingane na kichwa cha leo. Hupigwa picha nyingine, kisha kompyuta huzioanisha zote mbili. Picha yenye nukta 256 kwa 256 kwa 160 ina nukta zaidi ya milioni 10. Kompyuta moja ikizipitia peke yake, mgonjwa yu mezani akingoja.

Hapo tukakumbuka arusi za kwetu. Gunia la mchele halichambuliwi na mtu mmoja. Hugawanywa, kila mama na sinia lake. Ndivyo wafanyavyo wataalamu: picha hugawiwa kompyuta nyingi kwa pamoja, majibu hukusanywa, husahihishwa, kisha hugawiwa tena. Duru ya pili haianzi mpaka sinia la mwisho lirudi. Mzembe mmoja huwachelewesha wote. Mwaka 2000 watafiti wa Boston walionyesha kwamba hesabu ya kusogea kwa ubongo yaweza kumalizika chini ya sekunde 10 kwa njia hiyo.

Mama amerudi nyumbani, alhamdulillahi. Tulipomsimulia, aliuliza neno moja tu: “Na mzembe hakuwapo?”

Nanyi msione haya kumwuliza daktari. Swali letu lilitupunguzia hofu ya saa sita za kungoja.