Matusi Yaingiayo Nyumbani kwa Masikio ya Watoto

Zamani mtoto aliyetaka mchezo alitoka kwenda uwanjani, na aliyemtukana huko alijulikana ni mwana wa nani na wa mtaa gani. Jioni baba alivaa kofia yake akenda kubisha hodi kwa wazee wa yule mwengine, wakaketi barazani, na neno likaisha kwa kahawa. Leo mchezo umeingia chumbani. Kijana wa Mombasa au wa Dar es Salaam hukaa mkekani na simu yake, akacheza PUBG Mobile au Free Fire pamoja na watu asiowajua nyuso wala majina, na hedifoni zi masikioni mwake. Mama yake yu karibu naye, achambua mchele, wala hasikii neno. Na huenda wakati uo huo mtu asiyealikwa yumo ndani ya nyumba ile, amtukania mwanawe mama huyo huyo.

Ndugu wasomaji, hatukushika kalamu kuihukumu michezo yenyewe. Mjadala huo una wenyewe. Twajua pia kwamba imo kheri ndani yake, kwani wako binamu waliotawanyika baina ya Unguja, Maskati na Toronto ambao hukutana humo kila wiki kuliko wanavyopigiana simu. Tunalolisema ni lile udhia. Aliye mgeni wa mchezo hutukanwa kwa kutojua kwake. Msichana akisikika sauti husemwa maneno ambayo hatuwezi kuyaandika katika ukurasa huu. Na kijana aliyejiita kwa jina la Kiislamu, au aliyetoa salamu kwa mazoea tu, huitwa gaidi. Wala hili si jambo la watu wachache. Mwaka 2019 jumuiya ya Marekani iitwayo Anti-Defamation League iliwauliza watu wazima wa nchi ile wachezao na wenzao kwa intaneti, na asilimia 74 wakasema wamepata kuudhiwa kwa namna moja au nyengine.

Ni nani basi huyo mwenye kutukana? Wengi wetu twamdhania kuwa ni mtu muovu wa mbali, asiyelelewa. Kampuni ya Riot Games, yenye mchezo wa League of Legends, ilichunguza mazungumzo ya wachezaji wake, na mkuu wa uchunguzi ule akaeleza kuwa watu wabaya wa siku zote walikuwa kiasi cha asilimia 1, nao walileta kama asilimia 5 tu ya ubaya wote uliosemwa. Sehemu kubwa ilitoka kwa watu wa kawaida waliokasirika siku ile: ameshindwa, amechoka, amegombana na nduguye, basi akamtemea wa kwanza aliyempata. Mwaka 2015 wataalamu wawili walichapisha uchunguzi wao juu ya mchezo wa Halo 3, wakaona kuwa wanaume waliocheza vibaya ndio waliozidi kumsema vibaya mwenzao mwenye sauti ya kike, ilhali mabingwa walikuwa na adabu zaidi. Twapenda vijana wetu wa kiume walisome jambo hili mara mbili. Suratul Hujurat imekataza kudharauliana na kuitana kwa lakabu mbaya, wala haikuweka kando maneno ya mchezoni.

Wako wasemao kuwa haya ni maneno matupu, mtu azime simu yaishe. Na wakitazame kisa cha mji wa Wichita, huko Kansas, Marekani. Mwezi wa Disemba 2017 wachezaji wawili wa Call of Duty waligombana, na asili ya ugomvi ni dau la dola 1.50. Mmoja akamtambia mwenzake kwa kumpa anwani ya nyumba ambayo yeye mwenyewe hakai tena. Yule wa pili akamwendea mtu wa tatu, aliyeko Los Angeles, naye akawapigia polisi wa Wichita khabari ya uwongo kwamba katika nyumba ile mtu ameua na amewashika jamaa zake mateka. Polisi wakaizunguka nyumba. Akatoka mlangoni mwana wa watu wa miaka 28, ambaye hakuwamo mchezoni wala hakuwajua wale wagomvi, akapigwa risasi akafa. Aliyepiga simu alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mwaka 2019.

Sasa twaja kwenye neno letu na wazazi. Wengi wakipata khabari kwamba mtoto ameudhiwa, hukumu yao ya kwanza ni kuichukua simu. Hukumu hiyo ni nyepesi, na sisi twasema bila ya kificho kuwa si ya haki. Aliyetukanwa ndiye aliyepokonywa, na aliyemtukana yuaendelea kucheza. Tena mtoto ana akili ya kupima: akijua kwamba malipo ya kusema ni kunyang'anywa, hasemi. Leo ataficha tusi, kesho ataficha kitisho. Na siku atakapoombwa picha yake na mtu mzima aliyejifanya rika lake, ataificha hiyo nayo, kwani amekwisha kufunzwa kunyamaza. Kwa msichana mzigo huu ni maradufu, maana yeye huulizwa kwanza, "Ulikwenda kutafuta nini huko?"

Kheri mzazi aketi naye. Hedifoni zitolewe, sauti isikike chumbani, na mtoto amwonyeshe baba au mama yake namna mchezo unavyokwenda. Haidhuru mzee akichekwa kwa kutojua. Kisha waitafute pamoja ile sehemu ya kumnyamazisha mtu, ya kumzuia, na ya kumshitaki kwa wenye mchezo. Mambo haya si madogo. Riot Games walipojaribu kuyafunga mazungumzo baina ya timu mbili, mpaka mtu ayafungue kwa hiari yake, maneno mabaya yalipungua kwa zaidi ya asilimia 30, wala watu hawakuacha kusemezana. Kijana asijibu tusi. Kabla ya kumfungia mtukanaji aipige picha skrini ya simu yake, ibaki kuwa ushahidi. Wala asitaje mtaa wake, skuli yake, wala jina lake kamili. Kikizuka kitisho cha kweli, au mtu akataka picha za aibu, hapo si tena habari ya mchezo: Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya ina yake ya mwaka 2018, na katika nchi zote mbili mtoto au mzazi aweza kupiga simu nambari 116 bila ya malipo.

Na akionekana kuwa mtukanaji ni mwanetu? Twaona asipewe nafasi ya kujificha nyuma ya jina lake la mchezoni. Aufungue mchezo ule ule mbele ya mzazi wake, amtafute aliyemuudhi, amwandikie kumtaka radhi, na mzazi ayasome maneno yale kabla hayajapelekwa.