Nyota Elekezi

Katika ushairi wetu, kumetameta kwa nyota ni sifa. Mimi ninayetafiti taswira za anga la usiku katika tungo za Kiswahili nilistaajabu kusikia kwamba kwa mwanafalaki sifa hiyo ni kero. Nyota yenyewe haimeti. Angahewa yetu, yenye matabaka ya joto na baridi yanayochafukachafuka, ndiyo huutikisa mwanga wake mwishoni mwa safari ya miaka mingi.

Dawa yake ni kioo kinachobadili umbo mara mamia kwa sekunde, kikiongozwa na tarakilishi, ili kuufidia mtikisiko huo. Lakini tarakilishi yahitaji nyota angavu ya kuipimia hewa, na si kila pembe ya mbingu iliyo nayo. Basi ikabidi iundwe. Kwenye kimo cha kilomita 90 hivi pana utando wa atomi za sodiamu, masalia ya vimondo vilivyoteketea. Leza ya manjano, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 589, huziamsha atomi hizo zikang'aa. Masalia ya vimondo, ndugu msomaji! Malenga angelibuni haya angeambiwa ametia chumvi. Na kweli chumvi imo, kwani sodiamu ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika chumvi ya mezani.

Huko Paranal, nchini Chile, darubini ya Wazungu iitwayo Yepun ilianza kutumia leza ya namna hii mwaka 2006, na tangu 2016 hurusha miale 4, kila mmoja wati 22. Jina Yepun ni la Wamapuche, wenyeji wa nchi hiyo, na maana yake ni Zuhura. Hapo ndipo nilipoguswa. Mwanafunzi wa fizikia aliyenieleza habari hizi alinisimulia zote kwa Kiingereza, ilhali sote wawili tumelelewa kwa Kiswahili. Eti hazisemeki vinginevyo.

Napendekeza "nyota elekezi". "Nyota bandia" haifai, maana bandia hudokeza udanganyifu, na nyota hii haimdanganyi mtu. Aliye na istilahi bora na ailete.

Hata hivyo, nyota elekezi haijitoshelezi. Kwa kuwa mwale hupanda na kurudi kupitia hewa ile ile, hauonyeshi picha nzima imeyumba upande gani. Kwa hilo bado hutafutwa nyota halisi iliyo karibu, hata ikiwa hafifu.