Mafuta yanayopashwa moto ndipo yachomwe

Najua wengi wenu huja hapa kutafuta habari za simu na programu, lakini leo nawapeleka kwenye chumba cha boila. Msikimbie. Ndani ya chumba hicho nilikuta tatizo la kompyuta tamu kuliko mengi niliyofundishwa nikisomea digrii yangu, na nilimkuta pia mzee mmoja ambaye nusura afutwe kazi kwa ajili ya namba moja.

Kuna kiwanda cha kutia vitambaa rangi huko Mombasa, jina lake nitaliacha. Boila yao hutoa mvuke, na mvuke huo ndio unaochemsha mapipa ya rangi na kupasha maji ya kusuuzia. Meneja alinipa kazi ya kufunga vihisi na kuandika programu ya kurekodi joto la mafuta kila dakika. Sababu yake aliieleza wazi. Bili ya stima imepanda, ameagiza hita ya mafuta iwekwe nyuzi 95, na kila asubuhi akifika anaikuta 115 au zaidi. Alitaka grafu ya kumwonyesha nani anaipandisha usiku na saa ngapi. Zamu ya usiku ilikuwa na mtu mmoja tu, kwa hiyo kusema kweli hakuhitaji programu. Alihitaji ushahidi wa kuambatanisha na barua.

Sasa kwa wale wasiojua, hapa hatuzungumzii dizeli. Boila kubwa nyingi huchoma mafuta mazito, yale yanayobaki chini baada ya petroli, mafuta ya taa na dizeli kutolewa. Ni meusi, yananuka, na ukiyamimina yakiwa hayajapashwa yanatoka kama asali. Mnato wake hupimwa kwa sentistoki. Maji ya kawaida yana sentistoki 1 hivi. Mafuta ya kiwanda kile, kwa mujibu wa cheti kinacholetwa na lori, yana 180, na hiyo ni yakiwa yameshapashwa hadi nyuzi 50.

Mtu akisikia mafuta yanapashwa moto kwanza anadhani ni mambo ya nchi za baridi. Hata vitabu vingi nilivyopata viliandikwa kwa ajili ya huko, ambako boila hukaa chini ya jumba la ghorofa na kupeleka mvuke au maji moto kwenye redieta za vyumbani. New York, kwa mfano, majumba mengi yalichoma mafuta ya aina hii, wao huyaita namba 6, mpaka jiji lilipotoa kanuni mwaka 2011 za kuyaondoa kufikia 2015 kwa ajili ya masizi yake. Kweli, tangi likipigwa na baridi ya Januari mafuta hayasogei kabisa. Lakini hilo ni tatizo la pampu, na ndilo dogo. Ukiweka tangi kwenye nyuzi 40 au 50, pampu inavuta bila shida. Shida kubwa iko mbele, kwenye bana, na haijali kama uko New York au Mombasa.

(Bana ndivyo mafundi wanavyokiita kile kichomeo. Siku ya kwanza mzee aliponiambia "tazama bana" nilidhani ananisemesha tu.)

Mafuta hayawaki yakiwa maji. Lazima yapite kwenye tundu dogo la nozeli kwa shinikizo kubwa, yavunjike yawe ukungu, na kila tone ligeuke mvuke na kuungua kabla halijafika ukuta wa tanuri. Yakiwa mazito hayavunjiki vizuri. Matone yanakuwa makubwa, ya nje yanaungua, ya ndani yanabaki mkaa. Mkaa huo ndio moshi mweusi unaouona juu ya bomba, na mwingine hubaki ndani ukijipaka kwenye mabomba ya boila kama masizi ya sufuria. Nozeli ya boila hii inataka mafuta yenye sentistoki 15 hivi. Kutoka 180 hadi 15 ni safari ndefu, na njia yake ni joto.

Hapo ndipo nilipofurahi, maana kuna hesabu yake. Uhusiano wa mnato na joto ni wa ajabu kidogo: unaongeza 0.7 kwenye mnato, unachukua logi, halafu unachukua logi ya hiyo logi. Upande wa pili unaweka joto kwa Kelvin na kuchukua logi mara moja. Ukichora grafu, mkunjo wote unanyooka na kuwa mstari. Ukiwa na mstari, ukajua nukta moja kutoka kwenye cheti na mteremko wa kawaida wa mafuta ya aina hiyo, mistari kumi ya kodi inakupa jibu.

Nilipoijaza, mafuta ya 180 yalidai nyuzi 118 hivi kufika sentistoki 15. Kwa nyuzi 95 za meneja yanabaki na 28. Yaani karibu mara mbili ya kile nozeli inachotaka.

Nikaenda zamu ya usiku kumwona mwenyewe. Nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitika marahaba, akaniletea kopo la rangi nikalie. Alijua nimetumwa kufanya nini, vihisi vilikuwa mbele ya macho yake. Hakujitetea. Alinipeleka kwenye kitundu cha kioo cha kutazamia moto.

"Tazama hapo, mwanangu. Unaona vimulimuli?"

Nikaviona, cheche nyeupe zinaruka ndani ya mwali. Akapandisha hita, tukangoja kama dakika kumi, akaniambia nitazame tena. Cheche zilikuwa zimeisha na mwali umekuwa laini. Nikatupa jicho kwenye kompyuta yangu: 117. Mzee huyu hana habari ya logi ya logi. Anaangalia vimulimuli, anasikiliza mngurumo, na anafika palepale ambapo hesabu inafika.

"Lakini si kila siku hapo hapo," akasema. "Lori la leo si la jana."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nibadilishe programu yote. Mimi nilikuwa tayari kumpelekea meneja namba mpya, 118, badala ya 95. Kumbe namba yoyote ukiiganda kwenye mashine ni tatizo lile lile. Mtambo wa kusafisha mafuta wa Changamwe ulianza kazi mwaka 1963 na ukaacha kusafisha 2013. Tangu hapo bidhaa zote za mafuta huja na meli, mzigo huu umetoka huku na ule kule, na mnato unatofautiana. Mafuta ya 125 yanataka nyuzi 110 tu kufika sentistoki 15. Ya 380, ambayo meli nyingi hutumia, yanataka karibu 130. Themostati inajua joto peke yake. Nozeli inajali mnato peke yake. Katikati yao mwenye kutafsiri alikuwa mzee wa zamu ya usiku.

Na msidhani basi ni kupandisha tu. Ukizidisha, mafuta yanaungulia kwenye chuma cha hita na kuacha gamba gumu, halafu gamba hilo linazuia joto na hita inahangaika zaidi. Yakiwa na maji ndani, na mara nyingi huwa nayo kidogo, shinikizo likishuka maji yanageuka mvuke mle mle kwenye bomba na moto unaanza kukohoa. Ndiyo maana hita hii hufungwa baada ya pampu, mahali penye shinikizo. Asubuhi, kabla ya kuwasha, mafuta huzungushwa kwanza kwenye bomba na kurudi mpaka yapate joto sawasawa, maana yaliyolala karibu na nozeli usiku kucha yamepoa. Boila nyingine hupasha mafuta kwa mvuke wake zenyewe, kwa hiyo zinahitaji hita ya stima ya kuanzia. Bila hiyo unangoja mvuke ili utengeneze mvuke.

Haya, turudi kwenye pesa, maana meneja hakutaka kusikia habari za vimulimuli. Boila ile ikifanya kazi kamili inakula lita 200 kwa saa, kama kilo 190. Kilo moja ya mafuta mazito inahitaji kilojuli 2 hivi kupanda nyuzi moja. Kwa kushusha hita kutoka 118 hadi 95 anaokoa kilojuli 8,740 kwa saa, ambazo ni uniti 2.4 za stima. Upande wa pili, mafuta yale yale yana megajuli 40 kwa kilo. Asilimia moja ya lita 200 ni lita 2, na ndani yake mna uniti 21 za nishati. Kwa hiyo akipoteza asilimia moja tu ya mafuta kwa sababu ya mwako mbaya, ametupa uniti 21 ili aokoe 2.4.

Alinijibu, na haki yake, kwamba sijathibitisha kama anapoteza hata hiyo moja. Tukakubaliana kupima. Nilihamisha kihisi kimoja kwenye bomba la moshi. Kanuni ya mafundi ni kwamba moshi ukizidi joto kwa nyuzi 20 hivi, asilimia 1 ya mafuta imetoka nje, kwa sababu masizi yamefunika mabomba na joto halifiki kwenye maji. Wakasafisha mabomba, wakaweka 95 bila mtu kugusa, na mzee akaapa mbele yetu sote kwamba hatagusa. Wiki ya pili moshi ulikuwa umepanda nyuzi 40. Pia majirani wa nyuma ya kiwanda walikuja getini na shuka zilizoanikwa, zimejaa vidoa vyeusi. Nadhani shuka zile zilimshawishi meneja kuliko grafu yangu.

Barua haikutoka. Ila sitaki mdhani kwamba mzee alishukuriwa. Hakuna aliyemwambia chochote, na posho ya usiku waliyokuwa wamemkata hawakumrudishia mpaka nilipoacha kwenda pale. Niliuliza mara mbili, nikaambiwa hiyo si kazi ya mtu wa kompyuta.

Programu sasa haina namba ya hita ndani yake. Lori likifika, skrini inauliza swali moja: mnato wa mzigo huu kwa nyuzi 50 ni ngapi? Mtu wa zamu anasoma cheti, anaandika, programu inampa joto la kuweka. Chini yake kuna kitufe cha pili nilichoongeza kwa ombi la mzee, cha kupandisha au kushusha hadi nyuzi 6 bila kuuliza mtu, kwa sababu mteremko niliotumia ni wa makadirio na cheti nacho huwa si msahafu. Kila anayekibonyeza lazima achague sababu. Nilipotazama rekodi mara ya mwisho, sababu iliyoongoza ilikuwa ile aliyonitajia yeye mwenyewe niiandike: vimulimuli.