Hadithi ya Kubuni si Uongo

Kila Jumatano baada ya sala ya Alasiri tunatenga dakika 20 za kusoma hadithi kimya kimya. Kila mwanafunzi huchagua kitabu mwenyewe, na sisi walimu tunasoma chetu.

Baadhi ya wazazi walituuliza, "Maalim, mbona mnawasomesha watoto uongo?" Wana haki ya kuuliza. Lakini mwongo hutaka aaminiwe. Mtunzi wa hadithi hamfichi msomaji kwamba anabuni. Ibn al-Muqaffa alipokileta Kalila wa Dimna katika Kiarabu, karne ya 8, wasomaji walijua kuwa mbweha hasemi. Walitafuta mafunzo.

Tukimaliza kusoma tunakaa halaka. Msomaji husimulia mpaka penye fundo, kisha hunyamaza. Anayetaka kujua mwisho aazime kitabu. Halafu tunauliza: Nani amedhulumiwa? Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Mwanafunzi wetu mmoja husoma Qur'ani vizuri, lakini akiulizwa rai yake alikuwa akiinamisha kichwa. Alisoma Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, akasimama kumtetea Karama, aliyeshitakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Alisema mpaka jua likakaribia kuchwa, na hakuna aliyemkatiza.

Basi wazazi, mtoto akirudi jioni muulizeni amesoma nini, mumsikilize mpaka mwisho. Wabillahi tawfiq.